Dari ya kasri ikianza kumwaga unga: inashushwa ama inatibiwa huko huko juu?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi niko Malindi, nasomea ujenzi na napenda sana majengo ya kale. Nimeona picha za dari za kasri la Alhambra kule Uhispania nikajiuliza, dari kama zile zikichakaa, rangi inabambuka na unga unamwagika, huwa wanazishusha chini wazifanyie kazi ama wanazitibu huko huko juu? Na rangi je, wanapaka upya? Sababu ya kuuliza ni kwamba mjomba wangu ana nyumba ya kale Lamu, mtaa wa Mkomani, dari ya msana, ule ukumbi mrefu wa ndani, ina boriti za kuchongwa pembe nne zimepakwa nyekundu na nyeusi, na sasa fundi mmoja amemwambia azipige msasa zote, apake vanishi, alafu juu amwage simiti kuzuia kuvuja. Tufanye?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Naanza na la mjomba manake ndilo la haraka: msasa usiguse hizo boriti na simiti isipande huko juu, mpigie umwambie leo hii. Sababu nitakupa, lakini acha nipitie kwanza hayo makasri uliyouliza, ndiyo yatakufanya uelewe.

Dari ya thamani haishushwi ila pale ambapo hakuna budi. Ile ya Ukumbi wa Mabalozi pale Alhambra, wa zama za Sultan Yusuf wa Kwanza aliyetawala 1333 hadi 1354, ina vipande vya mbao 8,017 vimepangwa kuonesha mbingu saba, na chini yake kumezungushwa maandishi ya Suratul Mulk. Vipande elfu nane, kila kimoja kimekaa na jirani yake miaka mia sita na zaidi, mbao zishakauka zikajikunja zikazoeana, ukikitoa kimoja hakirudi bila kukipunguza hapa na kuziba pale, na ukishafanya hivo mara elfu nane umebaki na dari yako wewe, ya Yusuf imekwenda. Kwa hivo mafundi wanapanda jukwaa, wanalala chali, wanafanya kazi kipande baada ya kipande hapo hapo kilipo.

Inayoshushwa ni ile iliyotengenezwa tangu mwanzo iweze kushuka. Picha za mchoraji Rubens kwenye dari ya ukumbi wa kifalme wa Banqueting House pale London, zilizopandishwa 1636, zimechorwa kwenye turubai, ndio mana wakati wa vita vya pili vya dunia ziliweza kutolewa zikahifadhiwa mbali na mabomu. Plasta huwezi, ukiishusha ni vumbi.

Sasa lipo jambo linalotangulia hayo yote, na ningependa ulishike kuliko jengine lolote nitakalosema. Dari tunaitazama kwa chini, tunaona doa, ufa, rangi imebambuka, basi mkono unaenda pale pale kwenye doa. Ugonjwa karibu kila mara uko upande wa juu, tusikouona. Chukua dari za plasta za makasri ya Uingereza. Wanapigilia vijiti vyembamba vya mbao chini ya boriti, wanaacha nafasi ndogo kati ya kijiti na kijiti, alafu plasta ya chokaa iliyochanganywa na nywele za mnyama inasukumwa kwa chini mpaka ipenye kwenye zile nafasi na kujikunja kwa juu, kama vidole vya mtu aliyeshikilia ukingo wa dau. Plasta yote inaning'inia kwa vile vidole. Vikivunjika, kwa maji ama kwa mtikisiko ama kwa takataka zilizorundikana juu miaka na miaka, huku chini unaweza usione kitu, maua ya plasta yako pale pale yanapendeza, mpaka siku inashuka. Ndio mana mhifadhi anayejua kazi yake anafungua mbao za sakafu ya juu kwanza, anafyonza vumbi pole pole kwa vakyum, anamulika tochi ya pembeni, anahesabu vidole vingapi vizima na vingapi vimekatika. Palipokatika wanamimina plasta mpya kwa juu, ama wanapitisha skurubu yenye washa pana kwa chini wakaificha, dari ya kale inabaki pale pale na mzigo umepata wa kuubeba.

Waingereza walikumbushwa hilo vibaya tarehe 19 Desemba 2013, dari ya ukumbi wa maigizo wa Apollo London, jengo la 1901, ilipoporomokea watu katikati ya mchezo. Uchunguzi ukaonesha vile viningʼinio vya gunia na plasta vilivyokuwa vinaishikilia kwa juu vilikuwa vimechoka. Gunia, mwanangu. Kwa chini hakuna aliyeona.

Na adui mkubwa wa huko juu ni maji. Kasri la Windsor, la wafalme wa Uingereza, liliposhika moto tarehe 20 Novemba 1992, inasemekana maji yaliyomwagwa kuuzima ni karibu lita milioni 7. Moto ulizimika kwa saa kama 15, lakini yale maji yaliyoingia kwenye kuta na sakafu yalichukua muda mrefu sana kukauka, na huwezi kupiga plasta wala kufunga mbao kwenye jengo lililolowa, utaita ukungu na kuoza. Kazi yote ikaisha 1997. Pale Ukumbi wa St George, ndani ya kasri hilo, dari ilikuwa imeteketea kabisa, na hawakujidai kuirudisha ile ile, walijenga mpya ya mbao za mwaloni mbichi, yenye sura yake, kila anayeingia anajua hii ni ya baada ya moto. Mimi naliheshimu sana hilo. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi wengi ulimwenguni wanaufuata, unasema kazi ya kurudisha isimame pale kubahatisha kunapoanza.

Sasa rangi. Rangi ya kale haipakwi upya, inashikizwa. Kigamba kilichoinuka kinawekewa karatasi laini sana ya Kijapani juu yake, unapitisha gundi nyepesi kwa brashi, mara nyingi ni gundi ya samaki ama ile ya kiwandani iitwayo Paraloid B-72, gundi inapenya nyuma ya kigamba, unakibonyeza taratibu kirudi kwenye mbao, ikikauka unaitoa karatasi. Eneo la ukubwa wa kiganja linaweza kula asubuhi nzima. Gundi hizi zinachaguliwa kwa sababu zinaweza kuyeyushwa tena baadae, ili atakayekuja na ujuzi bora kuliko wetu asikute tumemfungia mlango. Vanishi ya dukani haina huo uungwana, inaingia kwenye rangi, inageuka njano, na siku ya kuitoa inatoka na rangi yenyewe.

Haya, turudi Mkomani. Hizo boriti ni mkoko, na watu wa Lamu wanazijua kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja na kazi yake. Za mjomba wako zimechongwa pembe nne na kupakwa rangi, maana yake mwenye nyumba alitaka wageni wa msanani wainue macho. Msasa utaondoa rangi pamoja na alama za tezo la aliyezichonga, na ukishaondoa hakuna duka la kununua. Tena rangi nyekundu za zamani saa zingine zina madini ya risasi, hilo vumbi mkilipumua nyote mnaumia, watoto zaidi.

Anza na vichwa vya boriti, yaani zile ncha zinazoingia ukutani. Boriti ya mkoko katikati huwa nzima miaka na miaka, inaoza kichwani, ndani ya ukuta, kwenye unyevu na chumvi ya matumbawe. Egemeza nguzo za muda kwanza, usipande wala kugonga kitu chochote kabla ya kuegemeza, sote tulishuhudia Beit al-Ajaib ya Zanzibar, ya 1883, ilivyoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati na watu wakafa. Ukishaegemeza gonga kwa kinundu cha kidole kutoka katikati kuelekea ukutani. Mlio mkavu wa juu ni mbao nzima, ukigeuka ukawa mzito wa kufa, weka alama ya chaki hapo. Alafu chukua chuma chembamba ujaribu kukidunga upande usio na rangi, kikizama bila nguvu hio ncha imekwisha.

Ule unga unaomwagika usiufagie ukausahau. Tandika kitambaa cheusi sakafuni, ukiache wiki mbili tatu, madirisha yamefungwa. Unga mpya ukionekana, fukusi, wale wadudu watoboa mbao, bado wako kazini, na pale uliposhukia patakuonesha ni boriti gani. Usipoonekana, ule wa mwanzo ni wa zamani umetikiswa tu na watu wanaotembea juu. Kwa fukusi dawa ya boraksi ipakwe kwa brashi pande zisizo na rangi. Ukiona njia za udongo ukutani huyo ni mchwa, na mchwa anafuatwa mpaka chini kwenye msingi.

Alafu panda juu. Nakuahidi utakuta moja kati ya haya: tangi la maji limewekwa palipokuwa hapana kitu, choo kipya kimejengwa juu ya msana, ama mlizamu, ule mfereji wa kutoa maji juu ya paa, umeziba na maji ya mvua yanatuama. Ondoa hilo kwanza, dari itaanza kukauka yenyewe.

Simiti sasa. Juu ya hizo boriti kuna mawe ya matumbawe na chokaa iliyopondwa. Chokaa inakunywa maji kidogo na kuyatoa jua likiwaka, na boriti zikicheza kidogo nayo inacheza nazo. Simiti ni ngumu na nzito, boriti zikicheza inapasuka nyufa nyembamba, maji yanaingia kwa ufa na hayana pa kutokea, kwa hivo yanashuka kwenye vichwa vya boriti. Fundi ataonekana amezuia kuvuja msimu mmoja, miwili, kumbe amefunga unyevu ndani. Zibeni nyufa kwa chokaa na mchanga mlioupepeta mkauosha chumvi, lazeni mteremko uelekee kwenye mlizamu, na muiweke chini ya magunia mabichi siku kadhaa isikauke kwa jua la ghafla.

Ncha iliyooza haimaanishi boriti nzima itupwe. Kata ile sehemu kwa mshazari, unga kipande cha mkoko kikavu, acha kipande kipya bila rangi ya kuigiza ukale. Zilizobaki na rangi safisha kwa brashi laini kavu tu, basi.

Na mjomba apite kwanza ofisi ya Makavazi ya Kitaifa pale Lamu kabla fundi hajapanda, manake mji wa kale unalindwa kisheria, uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba ya mtu binafsi nayo imo. Kazi ya juu iishe kabla ya masika. Rangi inaweza kungoja hata mwaka, maji hayangoji.