Mwulize Mkalimani: Kibali cha maandamano hutolewa na nani?

*Ukurasa huu hujibu maswali ya wasomaji kuhusu sheria na mambo ya kortini. Anayejibu alikuwa mkalimani wa mahakama hapa Nairobi kwa miaka mingi. Sasa amestaafu na anaishi Pumwani.*

Mama, shikamoo. Mimi ni muuza mboga Kayole. Kifungua mimba wangu ana miaka 20, yuko chuo cha ufundi. Wiki iliyopita chifu alituita barazani akasema maandamano yanayotangazwa hayana kibali, na mzazi ambaye mtoto wake atakamatwa asiende kumlilia. Nilirudi nyumbani nikamwambia kijana asiende. Akanijibu ni haki yake, imeandikwa kwenye katiba. Nikamuuliza, kwa hivyo chifu ni mwongo? Akanyamaza, akaingia ndani. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Naomba kujua, hicho kibali hutolewa na nani, na kwa nini vijana hawaendi kukichukua? Je, nimzuie? — Mama Kevo, Kayole

Marahaba, Mama Kevo. Nitaanza na neno lako moja, kibali, kwa sababu nimelibeba mdomoni sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi.

Nilipoanza kazi, sheria yenyewe ilitaka kibali. Sheria ya Utulivu wa Umma ilitungwa mwaka 1950, mkoloni akiwa bado yuko, na baada ya uhuru serikali yetu iliirithi kama ilivyo. Aliyetaka kukutanisha watu alipiga magoti mbele ya afisa. Afisa akikataa, mambo yameisha. Mwaka 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walitangaza mkutano wa hadhara Kamukunji, tarehe 7 Julai. Walinyimwa kibali, na siku tatu kabla ya mkutano wakatiwa kizuizini. Watu walikwenda hata hivyo. Kutoka kwangu hadi uwanja wa Kamukunji ni mwendo wa miguu. Nakumbuka moshi wa vitoa machozi ukiingia chini ya mlango, nami nikilowesha leso na kumfunga mwanangu puani. Baada ya hapo, kila mtu aliyepandishwa kizimbani nikimfasiria mashtaka nilisema "bila kibali", na nilikuwa nasema kweli, maana ndivyo sheria ilivyoandikwa.

Mwaka 1997 mambo yakabadilika. Tarehe 7 Julai mwaka huo polisi waliwafuata waandamanaji hadi ndani ya kanisa la All Saints wakawapiga humo humo. Miezi michache baadaye, kabla ya uchaguzi, wabunge wa pande zote walikubaliana kurekebisha sheria kadhaa, na hii ikiwamo. Kibali kikaondolewa. Mahali pake pakawekwa ilani, yaani kuarifu.

Lakini vinywa vyetu havikubadilika. Changu pia. Siku moja, miaka kadhaa baada ya marekebisho hayo, kijana alisomewa mashtaka ya kushiriki mkutano usio halali. Nikamfasiria: "unashtakiwa kwamba mlikutana bila kibali." Akaniangalia, akasema polepole, "Mama, kibali hakipo siku hizi. Karatasi hiyo inasema nini?" Hakimu akaniuliza mshtakiwa anasemaje. Nikaomba hati ya mashtaka niitazame. Hati ilisema ilani. Kibali nilikiongeza mimi. Nilifasiri upya, kesi ikaendelea, wala hakuna aliyenikaripia. Lakini kijana yule alikuwa karibu kujibu shtaka ambalo halimo katika sheria za Kenya, na lingetoka kwangu, mtu aliyewekwa pale ili amsaidie kuelewa. Ndiyo maana nikisikia chifu, au mtangazaji wa redio, au mzazi mwenzangu akisema "hawana kibali", siwezi kunyamaza.

Tofauti yake ni hii. Hapa Pumwani ukiwa na harusi na unataka kutandaza hema barabarani, unawapitia majirani: Jumamosi tutafunga njia, tuvumiliane. Hiyo ni ilani. Jirani hana uwezo wa kukukataza kuoza binti yako. Anachoweza kukwambia ni kwamba Jumamosi hiyo hiyo, mahali hapo hapo, kuna matanga, tafuta siku nyingine. Na sheria inasema karibu hivyo hivyo. Anayeandaa maandamano anampelekea mkuu wa kituo cha polisi barua si chini ya siku 3 kabla, wala si zaidi ya siku 14. Anaandika jina lake, anwani yake, siku, saa na njia watakayopita. Shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mkuu wa kituo anaweza kumjibu kwamba siku hiyo haiwezekani iwapo tayari amepokea ilani ya watu wengine kwa siku, saa na mahali pale pale, na jibu hilo aliandike. Hakuna kifungu kinachompa uwezo wa kukataa kwa sababu hapendi wanachodai.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ilani zote zinazopokelewa lazima ziandikwe katika rejista, na rejista hiyo ni ya umma. Wewe Mama Kevo, na gunia lako la sukuma wiki mgongoni, una haki ya kufika kituoni saa za kazi na kusema: naomba kuona rejista ya ilani. Kwa hivyo chifu akirudia maneno yake barazani, muulize kwa heshima: je, ilani haikupelekwa, au ilipelekwa ikajibiwa vipi?

Sasa sitakudanganya. Ikiwa ilani haikupelekwa kabisa, sheria hiyo inawapa polisi pa kushikia: wanaweza kuuita mkusanyiko huo si halali na kuuzuia. Na hapo ndipo vijana wa sasa wanapobanwa. Sheria inamtaka mwandalizi mwenye jina na anwani. Maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha hayakuwa na mwandalizi wa namna hiyo. Yalipangwa kwenye simu, na waliokuja walisema hawana kiongozi. Julai ile polisi walipiga marufuku maandamano katikati ya jiji, na sababu moja waliyotoa ni hiyo hiyo, kwamba hakuna kiongozi wa kuzungumza naye. Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hayo siku iliyofuata. Kifungu cha 37 cha Katiba, anachokisema mwanao, kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kufanya mgomo wa kusimama mahali na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Humo hamna neno ilani wala neno kibali. Mwanao hakusema uongo.

Umeuliza, umzuie? Mwaka 1997 mimi nilimfungia wangu mlango kwa ufunguo. Alipiga kelele, kisha akakaa kimya hadi jioni. Hajasahau hata leo, na ana watoto wake. Simlaumu, wala siwezi kumwambia mama mwingine kwamba nilikosea, maana niliogopa risasi, na risasi zipo. Rex Masai alikuwa na miaka 29 alipopigwa risasi na kufa kwenye maandamano hapa mjini tarehe 20 Juni 2024. Lakini pia Boniface Kariuki, mwenye miaka 22, hakuwa ameenda kuandamana. Alikuwa akiuza barakoa siku ya tarehe 17 Juni 2025, polisi akamfyatulia risasi kwa karibu, na akafariki kabla mwezi haujaisha. Kumfungia mtoto mlango hakumkingi kadiri tunavyodhani.

Ningekuwa wewe, ningebisha hodi chumbani kwake leo jioni na kumwambia: nilisema vibaya kuhusu kibali, nimeambiwa ukweli. Ukishasema hivyo atakusikiliza katika mengine. Mwambie asibebe hata jiwe, na jirani yake akiokota, ahame upande huo. Aandike nambari yako na ya wakili kwenye mkono kwa kalamu ya wino mzito, maana simu hunyang'anywa. Abebe kitambulisho. Wasiachane na wenzake wawili au watatu anaowajua kwa majina kamili na kwao. Akikamatwa, aseme jina lake kwa sauti ili walio karibu wasikie, na aangalie namba au jina kifuani mwa polisi. Sheria ya polisi inamtaka afisa aliyevaa sare aonyeshe jina au namba yake mahali panapoonekana. Kituoni ana haki ya kunyamaza na haki ya kuwasiliana na wakili, na asiweke sahihi maandishi ambayo hajayasoma.

Na wewe usikae nyumbani kulia. Nenda kituoni na mtu mwingine, uliza jina lake kwenye kitabu cha OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, uandike nambari yake. Ukiambiwa hayupo, nenda kituo kinachofuata. Mjini watu huhamishwa: unamtafuta Central, kumbe yuko Pangani au Lang'ata. Ukizunguka kote ukamkosa, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuwalazimisha polisi wamlete mtu huyo mbele ya jaji. Haki hiyo Katiba imesema haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Habari mama. Mdogo wangu alikamatwa Jumatano ya maandamano akitoka kazini, barabara ya Tom Mboya. Kituoni tukaambiwa tulete elfu kumi za bondi. Tulichanga, tukalipa, hatukupewa risiti, na bado alilala ndani hadi Ijumaa. Hakushtakiwa. Hii ni sawa? — J., Huruma

Hapana, J. Bondi ya polisi hailipiwi hata shilingi. Ni ahadi ya maandishi kwamba mtu atafika anapotakiwa. Kinacholipwa ni dhamana ya pesa taslimu, na hiyo huandikiwa risiti ya serikali na hurudishwa mambo yakiisha. Pesa isiyo na risiti mliyompa afisa haikuwa bondi wala dhamana. Naielewa haraka mliyokuwa nayo, kila familia niliyoiona kwenye benchi la kituo ingelipa. Lakini msiiite bondi tena, iite jina lake.

Kuhusu siku: Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Saa hizo zikiishia usiku au siku ambayo korti haifanyi kazi, basi ni kabla ya mwisho wa siku ya korti inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala hadi Jumatatu, ingawa inauma. Wa Jumatano, kama alikamatwa saa za korti, hana sababu ya kuwa ndani Ijumaa; kama ilikuwa jioni korti imefungwa, saa 24 ziliishia Alhamisi jioni, na polisi walikuwa na hadi mwisho wa siku ya korti Ijumaa. Andikeni sasa mkiwa bado mnakumbuka: saa aliyokamatwa, kituo, nambari ya OB, sura ya afisa aliyepokea pesa, mlitoa kwa mkono au kwa simu. Kama mlituma kwa simu, ujumbe ule ndio risiti yenu, msiufute. Yapelekeni kwa IPOA, chombo kinachochunguza makosa ya polisi. Kama alipigwa, apate kwanza matibabu na fomu ya P3 ijazwe na daktari kabla majeraha hayajapona.

Nilisambaza kibonzo cha kumkejeli rais. Rafiki zangu wananiambia nifute, nitashikwa. Kumkejeli rais ni kosa? — Mwanafunzi, Ngara

Si kosa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu kilichotumiwa kuwashika watu kwa "matumizi mabaya" ya vyombo vya mawasiliano. Mwaka 2017 ikafuta kosa la jinai la kumharibia mtu jina, na mwaka huo huo ikafuta pia kile kilichokataza kudunisha mamlaka ya afisa wa umma. Kilichoogopwa kwa haki kilikuwa kuchapisha uongo huku ukijua ni uongo. Sheria ya uhalifu wa mitandaoni ya mwaka 2018 iliweka kwa kosa hilo faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili, na adhabu ilipanda ikiwa uongo huo umezua taharuki. Kibonzo si habari. Hakuna anayekitazama akadhani ni picha ya kamera.

Lakini rafiki zako hawajakosea kuogopa. Desemba 2024 vijana kadhaa walitekwa baada ya kusambaza vibonzo na picha kama zako, na baadhi yao wakaachiliwa mwanzoni mwa Januari 2025. Juni mwaka huo Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni kuhusu mkubwa mmoja wa polisi, akaletwa Nairobi, na akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Kwanza tuliambiwa alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya mtu aliyepigwa. Siwezi kukwambia hakuna hatari wakati mwalimu yule amezikwa.

Ukikiacha kibonzo chako, basi watu wawili wawe wanajua uko wapi kila jioni. Na wakija kuitaka simu yako, omba waonyeshe amri ya mahakama. Afisa anatakiwa kwenda kwa hakimu kwanza ndipo apekue yaliyomo. Uliza kwa sauti, mbele ya watu, na ukumbuke alivyokujibu.