Mlima Kenya: panda kwa Sirimon, shuka kwa Chogoria

Kila anayeniuliza apande Mlima Kenya kwa njia ipi humjibu vivyo hivyo: panda kwa Sirimon, shuka kwa Chogoria. Naro Moru ndiyo fupi, na ufupi huo ndio unaonitia wasiwasi. Watu hutoka Nairobi Ijumaa wakitaka kuwa kazini Jumatatu. Wakiondoka kambi ya Met Station, kwenye mita 3,000 hivi, huvuka kinamasi chenye mteremko mkali na kulala Mackinder's Camp, mita 4,200, siku iyo hiyo. Mwili hauna nafasi ya kuzoea hewa nyepesi.

Sirimon hupanda taratibu. Usiku wa kwanza utalala Old Moses, mita 3,300, na wa pili Shipton's Camp, kwenye mita 4,200. Hapo Shipton ongeza usiku mmoja, hata kama gharama itapanda. Mchana panda kuelekea Hausburg Col, kipito kilicho juu ya kambi, kisha rudi ulale chini. Nimeona vijana wenye nguvu kunizidi wakikwama kwa kuiruka siku hiyo.

Safari ya Point Lenana, kilele kinachofikiwa kwa miguu bila kamba, mita 4,985, huanza saa tisa usiku hivi, gizani, juu ya changarawe inayoteleza, maji yakiganda kwenye chupa. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika unywe maji. Maumivu yakizidi, ukitapika au ukianza kuyumba, shuka mara moja, usingoje kupambazuke. Mwongozaji ninayemwamini ni yule aliye tayari kunirudisha nikiwa karibu na kilele.

Kushuka Chogoria ndiko kunakonifanya niupende mlima huu: Ziwa Michaelson likiwa chini kabisa ya kuta za miamba, kisha nyanda za juu, kisha mianzi. Ni mbali, kwa hiyo beba fimbo mbili za kutembelea, magoti yatakushukuru.

Vilele vya juu zaidi, Batian, mita 5,199, na Nelion, 5,188, ni habari nyingine: kamba, helmeti na ujuzi wa kukwea mwamba. Huko msimu huchagua upande. Uso wa kaskazini hukauka Julai hadi Septemba, wa kusini-mashariki Januari na Februari. Sisi wa Lenana tunafaidi misimu yote miwili ya ukavu.

Na kabla hujalipa kampuni yoyote, uliza wapagazi wako watalala wapi, watavaa nini na watalipwa kiasi gani. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, tafuta kampuni nyingine.