Ukitaka kuielewa falsafa ya uhuru, usianzie kwenye "kodi ni wizi"

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu ulibertariani, yaani hii falsafa ya uhuru wa mtu na mali yake na serikali ndogo, wanakuja na klipu moja, Javier Milei, rais wa Argentina, kashika chenso anasema atakata matumizi ya serikali, na sentensi moja, kodi ni wizi. Ushauri wangu wa kwanza, iweke hiyo sentensi pembeni. Ukianzia hapo mtabishana kijiweni mpaka usiku, mwenzako atauliza barabara atajenga nani, we utasema sekta binafsi, basi, hakuna aliyejifunza kitu. Anzia kwenye bei.

Mi napika, nna mgahawa mdogo Buguruni, nyanya nachukua soko la Ilala alfajiri. Kuna siku unafika unakuta tenga limepanda, hamna aliyetangaza wala kikao kilichokaa, dalali anakwambia tu "dada leo mzigo mdogo", ukimbana anasema Ilula mvua imepiga, magari hayajaingia. Mi shamba la Ilula silijui, na mkulima wa kule hajui kama kuna mtu Buguruni anaunga maharage, ila ile bei imeshanipa habari zake na papo hapo nabadilisha mambo, leo nyanya kidogo nazi nyingi, jirani yangu wa chipsi anapunguza kachumbari, mwenye shughuli ya harusi yeye analipa tu kwa sababu hana namna. Wote tumebana bila kuambiana.

Mchumi Friedrich Hayek, mmoja wa wakubwa wa falsafa hii, aliandika kitu hichohicho mwaka 1945, yeye mfano wake ulikuwa madini ya bati, kwamba watumiaji hawana haja ya kujua kwa nini bati imeadimika, wakiona imepanda wanaanza kubana matumizi. Hoja yake ni kwamba habari za kuendesha uchumi zimetawanyika kwa mamilioni ya watu, na waziri hata awe msomi na mwadilifu kiasi gani hawezi kuzikusanya zote ofisini. Mi naona hii ndo hoja nzito kuliko zote walizonazo hawa jamaa, na haihitaji umchukie mtu yeyote ili uikubali.

Sasa ilete nyumbani. Baba yangu mkubwa kakaa Magomeni tangu ujana, anakumbuka foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 80. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 njia kuu za uchumi zilishikwa na serikali, 1973 ikaanza Tume ya Bei ya kupanga bei za bidhaa, af mafuta yakapanda ghafla duniani na ikaja vita na Idi Amin, kwahiyo usimwambie mzee kwamba ujamaa peke yake ndo ulimaliza bidhaa, atakusimamisha na atakuwa sahihi. Ila bei iliyopangwa ilibaki palepale wakati bidhaa yenyewe hamna, ulanguzi ukashamiri, na 1983 ukapita msako wa wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa mali usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Mwaka huohuo mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa kubeba abiria hapa Dar maana UDA, shirika la usafiri la umma, haikutosha mji. 1984 mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuingiza bidhaa. Mwinyi akaingia 1985, watu wakamwita Mzee Ruksa, na 1986 tukakubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa.

Walioamua hayo hawakuwa wafuasi wa Hayek, rafu za maduka ndo zilikuwa tupu. Lakini huko nje upepo ulikuwa umeshageuka, Thatcher kaingia Uingereza 1979, Reagan kaapishwa Marekani 1981, wote wawili walimsikiliza Hayek na mchumi mwenzake wa Marekani, Milton Friedman, na masharti ya wakopeshaji yalikuja yamebeba fikra hizohizo.

Af ukiongea na mzee usimkatishe akifika 1986 eti kwa sababu hapo ndo umeshinda hoja yako. Mwache amalize. Baba mkubwa miaka ya 90 alipunguzwa kazini shirika lake lilipobinafsishwa, anasema dukani kila kitu kipo na mfukoni hamna. Argentina nayo iko hivohivo, Milei aliapishwa Desemba 2023, mwezi huo ukaisha mfumuko wa bei umezidi asilimia 200 kwa mwaka, baadaye ukashuka sana, ila nusu ya kwanza ya 2024 umaskini ulifika karibu asilimia 53 kabla ya kurudi asilimia 38 nusu ya pili. Ukitaja namba moja taja na nyingine. Kila mageuzi yana watu wanaolipa gharama ya kuvuka, na falsafa inayojali mtu mmoja mmoja haiwezi kuwaruka watu hao.

Na wasome wenyewe jamani, hasa zile sehemu ambazo wafuasi wao hawazinukuu. Hayek huyohuyo kwenye kitabu chake cha 1944 alikubali dola ihakikishe kila mtu anapata kiwango cha chini cha chakula, nguo na makazi, na Friedman mwaka 1962 alipendekeza mwenye kipato cha chini sana badala ya kulipa kodi alipwe yeye. Usikubali pia kuuziwa uhuru nusu. Chile baada ya mapinduzi ya 1973 soko lilifunguliwa na wachumi waliosomea Chicago huku watu wanateswa na kupotezwa na utawala wa Pinochet, mtu akikusifia uchumi ule muulize kuhusu wale waliopotea. Kuna na maswali ambayo falsafa hii inayajibu kwa shida, mfano mafuriko ya mto Msimbazi hapa Dar, taka zinatupwa na maelfu ya watu huko juu halafu maji yanaingia kwa wa bondeni, huyu atamshtaki nani? Mi pale nataka manispaa, tena yenye nguvu.

Ila mtu ninayemrudia mara nyingi ni Robert Nozick, mwanafalsafa wa Marekani. Yeye kwenye kitabu chake cha 1974 anasema mali ni yako kihalali kama uliipata kwa haki, au ulipewa au kuuziwa na aliyeipata kwa haki, halafu anaongeza la tatu ambalo watu wanaliruka, kwamba palipofanyika dhuluma lazima irekebishwe. Mwafrika akisoma hapo lazima asimame kidogo. Mashamba yaliyochukuliwa na mkoloni, kiwanja ulichobomolewa ukaondoka mikono mitupu, vyote vinaingia kwenye hilo la tatu.

Na hapa kwetu kuna pa kushika. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, sisi tuna haki ya kuitumia, lakini sheria hiyohiyo inataka ardhi ikitwaliwa ulipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. 2004 serikali ya Mkapa ilianzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge, kwa mawazo ya mchumi Hernando de Soto wa Peru, aliyesema maskini wana mali nyingi ila haina karatasi kwahiyo haiwezi kuwapatia mkopo wala kuwalinda. Karatasi peke yake haileti mkopo, benki wana sababu zao, ila kwenye kukulinda mi namkubali kabisa, nimeona jirani zangu wakipisha barabara, mwenye leseni ya makazi na karatasi zake kakaa mezani anajadiliana, mwenye maneno tu anaambiwa asubiri.

Kwahiyo kama umeipenda falsafa hii, wiki hii nenda serikali ya mtaa wako uulize kiwanja cha mama kimepimwa au bado, tafuta ile karatasi ya mauziano, jua mashahidi wake ni kina nani na kama wako hai, piga picha kila kitu, halafu ulizia leseni au hati inaombwaje.