Chai ya vijiti ilivyonirudishia usingizi

Nimekulia Mufindi, Tanzania, kwenye mashamba ya chai. Huko mchumaji hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: majani mawili na chipukizi. Vikonyo vigumu vikionekana kikapuni, unakemewa. Kwa hiyo nilipokuwa mafunzoni Kanazawa, Japani, na mama mwenye nyumba akanimiminia chai iliyotengenezwa kwa vikonyo vitupu, nilihisi nimepewa makapi. Nikaionja. Ilikuwa na rangi ya asali, inanukia kama karanga zilizokaangwa, na sikuikumbuka sukari hata kidogo.

Chai hii ya vijiti, yaani vikonyo, Wajapani huiita kukicha: kuki ni kikonyo, cha ni chai (neno letu na lao ni la ukoo mmoja, asili yake Uchina). Ile ya Kanazawa hukaangwa, nayo huitwa Kaga bocha.

Wakati ule nilikuwa nakunywa vikombe vinne vya chai nzito kwa siku, cha mwisho saa tatu usiku, kisha nakesha nikitazama dari hadi saa nane. Nikaamua kwamba baada ya saa kumi jioni ninywe ya vijiti tu. Wiki ya pili nilianza kulala kabla ya saa tano. Vijiti si dawa ya usingizi. Kafeini ya mchai, ile inayofukuza usingizi, hujaa zaidi kwenye chipukizi na majani machanga, na vikonyo vina kidogo. Tena kafeini haiishi upesi: muda wa saa tano ukipita tangu unywe, karibu nusu yake huweza kuwa bado imo mwilini.

Faida ya pili kwangu ilikuwa kupunguza sukari niliyotia kwenye chai nzito. Vijiko vitatu kila kikombe, mara nne, ni takriban gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 50 kwa siku, na ni bora zaidi akishuka chini ya 25. Mimi nilikuwa naimaliza karibu yote kwenye chai, kabla hata ya soda au andazi.

Msikubali kuuziwa miujiza, ndugu zangu. Kuna wanaosema chai hii huondoa asidi kwenye damu. Kazi hiyo ni ya mapafu na figo, na kinywaji hakiwezi kuichukua. Wengine huisifu kwa kalsiamu kuliko maziwa, lakini vijiti hatuvili, tunakunywa maji yake, na kinachoingia kikombeni ni kidogo mno. Hata katekini, zile kemikali zinazosifiwa katika chai ya kijani, ziko nyingi zaidi kwenye majani.

Na mwenye upungufu wa damu awe mwangalifu. Chai, hata hii, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Dada yangu alipokuwa mjamzito nilimsihi aiweke mbali na mlo, walau saa nzima, na amwulize mkunga wake kwanza.

Kuipika ni rahisi. Vijiko viwili vidogo kwa kikombe. Iliyokaangwa imiminie maji yanayochemka, ihesabie nusu dakika, chuja. Ya kijani, yaani ya vijiti visivyokaangwa, haitaki maji makali: yaache yapoe hadi nyuzi 80 hivi, la sivyo itakuwa chungu. Vijiti usivitupe, vinatoa birika la pili zuri tu.