Kuuliza hesabu si kumwasi Mungu: barua kwa mwanangu aliye Kaliua

Sikonge, Tabora

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Hapa nyumbani hatujambo, mama yako anakusalimu sana na karanga zimeshapaliliwa. Barua yako niliona nisiijibu kwa simu, maana jambo uliloliuliza linataka mtu akae chini, Biblia huku na Katiba huku, aandike polepole.

Umenieleza kwamba kwenye mkutano wa kijiji unachofundisha ulinyoosha mkono ukaomba wananchi wasomewe mapato na matumizi ya yale madarasa mawili: michango yao iliyopandisha boma, pamoja na fedha za halmashauri zilizokuja kumalizia. Mkutano ulipokwisha, mzee mmoja wa kanisa akakuita pembeni. Akakwambia Mkristo hamhoji kiongozi mbele za watu, akakufungulia Warumi 13, akamalizia na 2 Wafalme 12:15. Nawe ukaniuliza: "Baba, Biblia inasema mamlaka yanatoka kwa Mungu, Katiba inasema yanatoka kwa wananchi. Nimfuate nani? Na nikidai hesabu, nimemwasi Mungu?"

Hukumwasi. Ulifanya lililo haki yako, tena wajibu wako, na mimi baba yako nimefurahi kuwa ulisimama. Lakini yule mzee usimdharau. Maandiko aliyokusomea ni ya kweli, shida ni pale alipoishia kusoma.

Tuanze na Warumi. "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu, kwa maana hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu." Paulo aliwaandikia haya Wakristo waliokuwa wakiishi Rumi kwenyewe, chini ya Kaisari asiyemjua Kristo. Kwa hiyo heshima tunayoipa serikali haitokani na utakatifu wa wakubwa wake, wala haingoji waliomo ofisini wawe wa kanisa letu. Hapa kwetu Tabora mwenyekiti anaweza kuwa Mwislamu, mtendaji Mkatoliki, diwani Mmoraviani, na wote tunawatii sawasawa. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani yake na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Naona hilo ni ulinzi kwa kanisa kama lilivyo ulinzi kwa msikiti.

Sasa endelea hadi mstari wa 4, ambao watu wengi huupita mbio: "kwa kuwa yeye ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema." Hapo mtawala ametajiwa aliyemtuma, na ametajiwa kazi. Mstari wa 6 unataja kodi, kwamba twalipa kwa sababu ya kazi hiyo hiyo. Mtu akikusomea mstari wa 1 na wa 2 akafunga kitabu, amekupa nusu ya neno la Mungu.

Je, Katiba inapingana na Paulo? Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwao. Mkristo mwingine akisikia hivyo huona kama Mungu ameondolewa kitini. Mimi humkumbuka Daudi. Samweli alimtia mafuta akiwa kijana mchunga kondoo, na uteule ule ulitoka kwa Mungu bila shaka yoyote. Hata hivyo hakuingia ikulu siku ile. Alingoja miaka, mpaka watu wa Yuda walipomtawaza Hebroni, na baadaye wazee wa Israeli wote wakaja wakafanya naye agano pale pale Hebroni, mbele za Bwana. Soma 2 Samweli 2:4 na 5:3. Mungu ndiye aliyempa ufalme, na aliupitisha mikononi mwa watu, kwa makubaliano. Kwa hiyo Katiba yetu inaponitaja mimi na wewe kuwa msingi wa mamlaka, naisikia kama inanitwika mzigo: Mungu amepitisha mikononi mwetu kitu chake, naye atatuuliza tulikitunzaje.

Nikueleze sasa jinsi kilivyogawanywa, maana ukijua njia hutababaika. Yethro alipomwona Musa anachoka kuamua kesi za watu wote toka asubuhi hadi jioni, alimshauri aweke wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, watu wanaomcha Mungu na kuchukia mapato ya udhalimu. Sisi tuliokua na mabalozi wa nyumba kumi hatushangai tukiisoma Kutoka 18. Leo ngazi zetu ni kitongoji, kijiji, kata, halmashauri, kisha Dodoma. Na kijijini, kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, ile ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), chombo kikuu si mwenyekiti wala mtendaji. Ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Huo ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na unaweza kuiondoa. Unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo hesabu husomwa. Wewe ni mkazi, umri unao. Uliponyoosha mkono ulikuwa ndani ya kikao chako mwenyewe, tena kikao kilicho juu ya meza kuu.

Tofautisha pia aliyechaguliwa na aliyeajiriwa. Mwenyekiti wa kijiji na diwani wamepigiwa kura. Mtendaji wa kijiji na wa kata ni waajiriwa, na Mkurugenzi anayewasimamia kule halmashauri ni mteule wa Rais. Mkuu wa Wilaya naye ni mteule, anamwakilisha Rais wilayani. Aliyechaguliwa anajibu kwa waliomchagua, na mwajiriwa anajibu kwa mwajiri wake na kwa sheria. Nilipokuwa mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji niliona malalamiko mengi yakipotea kwa kupelekwa mlango usio wake: mtu anamlalamikia diwani jambo lililo mikononi mwa mtendaji, mwezi unapita, anachoka, anaacha.

Sasa njoo kwenye 2 Wafalme 12, maana hapa ndipo yule mzee alipokufunga mdomo, na mimi napapenda sana. Mstari wa 15 unasema kweli kwamba wale waliopewa fedha za kuwalipa mafundi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Ukiusikia peke yake, utaona kumdai mtu hesabu ni kumwita mwizi. Lakini anza juu kidogo. Mfalme Yehoashi aliagiza fedha za watu zitumike kutengeneza nyumba ya Bwana palipobomoka. Miaka ikapita. Ulipofika mwaka wa 23 wa ufalme wake, makuhani walikuwa bado hawajatengeneza kitu! Mfalme hakusema "hawa ni watumishi wa Mungu, tuwaache." Aliwaita, akamwita na kuhani Yehoyada mwenyewe, akawauliza kwa nini, na akawaambia wasipokee tena fedha kwa utaratibu ule.

Ndipo utaratibu ukabadilishwa. Yehoyada akachukua kasha, akalitoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Makuhani waliolinda mlango wakatia humo fedha zote zilizoletwa. Kasha lilipojaa, alikuja karani wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wakazihesabu wote wawili na kuzifunga mifukoni. Mmoja wa serikali, mmoja wa hekalu, hakuna aliyehesabu peke yake. Kisha wakawapa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, waashi na wachonga mawe, wakanunua miti na mawe ya kujengea. Baada ya hayo yote ndiyo unaukuta mstari wa 15. Uaminifu wa wasimamizi wale ulisifiwa ndani ya utaratibu ambao fedha zilishahesabiwa na watu wawili kabla ya kuwafikia. Mwanangu, hiyo ni sura ya ujenzi, tena ujenzi wa kuchangishana kama wa madarasa yenu. Mzee amekupa mstari mzuri, nawe kwa upole msomee sura yote.

Na kama atasema kiongozi anavunjiwa heshima akihojiwa hadharani, msomee 1 Samweli 12. Samweli, amezeeka, kichwa chake mvi, anasimama mbele ya Israeli yote na kuwauliza yeye mwenyewe: nimetwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani, nimemdhulumu nani, nimepokea rushwa mkononi mwa nani? Wanamjibu kwamba hakumdhulumu mtu, na Bwana anaitwa kuwa shahidi. Sijui heshima kubwa kuliko ile aliyoondoka nayo siku hiyo. Mwenyekiti wenu akiwa na risiti, mkutano ndio mahali pa kumsafisha, maana sasa hivi mnong'ono wa kilabuni unamchafua na yeye hana pa kujibia. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kuwa hata jina la mtu mwema hupotea hivyo hivyo.

Paulo naye, mwandishi wa Warumi 13, hakuishi kama yule mzee anavyomfundisha. Akiwa katika mji wa Filipi alipigwa viboko na kutiwa gerezani bila kuhukumiwa. Kulipokucha mahakimu wakatuma watu wamwachie kimyakimya. Akakataa, akataka waje wenyewe wamtoe, kwa sababu yeye ni raia wa Rumi na sheria ilikuwa imevunjwa. Baadaye, alipoona Yerusalemu hatapata haki, alikata rufani kwa Kaisari. Na kuhusu fedha alikuwa mkali kwa nafsi yake kuliko sisi: alipobeba changizo la makanisa alitaka ndugu wengine waandamane naye, asipate mtu wa kumlaumu, akisema wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu vilevile. Hiyo ni 2 Wakorintho 8. Kama mtume alitaka mashahidi wa fedha, mtendaji wa kijiji hapungukiwi na kitu.

Umeandika pia kwamba walimu wenzako wanakucheka, wanasema hesabu zimeshapikwa, mkutano ni wa kupiga makofi. Yawezekana. Lakini hata mkoa wetu huu una historia ya watu walioingia kwenye utaratibu wenye kasoro ili waubadilishe. Mwaka 1958 TANU walikutana hapa Tabora kuamua kama washiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi waliona ni matusi, na yalikuwa matusi. Mwalimu Nyerere aliwashawishi washiriki, na uamuzi huo, unaoitwa Uamuzi wa Busara, ukawapa viti kwenye Baraza la Kutunga Sheria badala ya kubaki nje wakinung'unika. Zuberi Mtemvu, mwanachama mwenzao, alikataa, akatoka na kuunda chama chake. Simlaumu kwa uchungu wake, ila naamini waliobaki ukumbini waliona mbali zaidi.

Basi fanya hivi. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mkiwa wawili tu, umwombe kwa adabu. Huenda taarifa ipo na haijabandikwa tu. Kisha mwandikie mtendaji barua fupi, ukiomba agenda ya mapato na matumizi iwekwe kwenye mkutano ujao na taarifa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Mpitishie mwalimu mkuu wako nakala, asije akasikia kwa watu. Uliza kuhusu madarasa, usiseme lolote kuhusu mtu: zimeingia ngapi, zimenunua nini, zimebaki ngapi. Wakulima wa tumbaku huko kwenu huulizana makato ya pembejeo kwenye mkutano wa chama cha msingi cha ushirika bila kuogopana, nawe uliza kwa sauti ile ile. Ukikosa jibu, diwani yupo, na halmashauri ina mkaguzi wake wa ndani. Juu yao yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye ibara ya 143 inamtaka akague hesabu za serikali kila mwaka na taarifa yake ifike Bungeni. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni kwa pale utakapokuwa na ushahidi mkononi. Usiende na tetesi, kwa maana kumshuhudia jirani uongo nako ni dhambi.

Na uwaombee. Paulo anamwagiza Timotheo kwamba dua zifanyike kwa ajili ya wenye mamlaka, nami naamini humwombei mtu kwa jina kila asubuhi halafu ukatamani aanguke. Kabla hujaiandika hiyo barua, muombee mtendaji, muombee mwenyekiti, na yule mzee wa kanisa pia.

Kwenye mkutano nenda na daftari, uandike tarehe na kila kiasi kitakachotajwa. Ukishajua siku yenyewe nijulishe mapema. Mama yako anataka kukutumia asali na mchele kwa mtu wa basi, nami nitaweka humo ile nakala yangu ya Katiba, ibara nilizokutajia nimezipigia mstari.

Baba yako