Maswali ya Wasomaji: Mzee Akitaka Kubaki Nyumbani Kwake

Barua za mwezi huu zimetoka Jinja, Masindi na Busia, nchini Uganda, na zote tatu zinahusu wazazi na majirani waliokula chumvi nyingi. Tumezifupisha na kuondoa majina ya waandishi kama walivyoomba.

SWALI: Mama yetu ana miaka 77 na anaishi peke yake Walukuba, mjini Jinja, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Mwezi uliopita alianguka usiku akienda chooni, nyuma ya nyumba, akateguka mkono. Kaka zangu wawili walioko Kampala wameamua ahamie kwa mkubwa wao, ambaye amepanga nyumba ghorofa ya tatu. Mama amekataa katakata. Anasema pale atatoka kwa jeneza tu. Mimi nimeolewa Mbale na siwezi kwenda kila wiki. Je, tumwache hatarini au tumhamishe hata kama hataki? — Binti wa mwisho, Mbale

JIBU: Dada yetu, pole kwa mama, na pole kwako pia, kwa maana anayekaa mbali huumia kwa kuwaza mengi kuliko yaliyotokea. Kabla ya kuamua mama atakaa wapi, kuna swali moja ambalo barua yako haikuligusa: alianguka kwa sababu gani? Umetueleza alipoangukia na saa alipoanguka, lakini hukutueleza kama njia ya kwenda chooni ilikuwa na utelezi, kama alibeba taa, kama alikanyaga pindo la gomesi, lile vazi refu la kina mama, au kama alipata kizunguzungu mara tu aliponyanyuka kitandani. Kila jibu lina dawa yake, na baadhi ya majibu hayo yatamfuata mpaka Kampala hata mkimhamisha kesho.

Chukua mfano wa macho. Ikiwa mama ana mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji mfupi, ataenda nao kwa kaka yako na huko atakutana na ngazi za ghorofa tatu asizozijua. Au chukua mfano wa dawa za shinikizo la damu, ambazo kwa wazee wengi huteremsha shinikizo ghafla mtu anapoinuka, akaona giza kwa sekunde chache na kuanguka. Mwombeni mhudumu wa afya ampime shinikizo akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na mpelekeeni dawa zote anazotumia, zikiwemo zile alizonunua mwenyewe duka la dawa bila kuwaambia. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ambayo kaka zako wangepaswa kugharimia, kabla ya kukodi gari la kuhamisha vyombo.

Baada ya hapo, nendeni kwenye choo chenyewe, na mwende usiku, wakati uleule alioanguka. Choo cha shimo cha kuchuchumaa humtaka mtu mwenye magoti yanayouma ashuke na kuinuka bila kushika chochote, na ni jambo la kushangaza kwamba familia nyingi hujenga uzio wa matofali, hununua televisheni kubwa, na kumwacha mama akichuchumaa gizani. Seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, cha kimo cha sentimita 45 hivi, ambacho kinawekwa juu ya shimo na kuoshwa kwa urahisi. Fundi mwashi afunge bomba la chuma ukutani, upande wa mkono wenye nguvu, na alifunge kwa saruji, si kwa misumari, kwa sababu bomba litakalong'oka mtu akiwa amelishika ni baya kuliko kutokuwa na bomba. Njia ya kutoka mlangoni hadi chooni imwagiwe zege lisilo laini, na taa ya nguvu ya jua iwekwe mahali inapoangaza miguu badala ya macho. Kwa usiku, mnunulieni ndoo yenye mfuniko abaki nayo chumbani. Mama anaweza kuona aibu mwanzoni, kwa hiyo jambo hilo umwambie wewe binti, mkiwa wawili tu, usiwaachie kaka zako walitangaze sebuleni.

Hata hivyo, nyumba ni nusu tu ya jambo, na hapa ndipo ninapotofautiana na kaka zako. Walukuba ni mtaa uliojengewa wafanyakazi enzi za ukoloni, watu wa makabila mengi wakapangana ukuta kwa ukuta na kuzungumza Kiswahili ili waelewane, na mjane aliyeishi hapo miaka mingi ana utajiri usioonekana kwenye hati ya nyumba: muuza mboga anayemkopesha, kijana wa boda anayejua mama hapandi ila akisimama kwenye kibaraza, msikiti au kanisa lenye kiti ambacho kila mtu anajua ni chake. Kwenye ghorofa ya tatu Kampala, kaka yako na mkewe wakiondoka alfajiri na kurudi usiku, mama atakaa siku nzima na nani? Mzee anayefungiwa ndani kwa usalama wake hupoteza nguvu za miguu kwa kukosa kutembea, na akishapoteza nguvu hizo huanguka hata sebuleni.

Kwa hiyo tumieni utajiri huo. Ulizeni alipoanguka alilala chini kwa muda gani kabla mtu hajamsikia, kwa sababu muda huo ndio hatari kubwa kuliko mkono ulioteguka. Mpeni jirani mmoja mnayemwamini ufunguo wa akiba. Wekeni ishara rahisi, kwa mfano dirisha la mbele lifunguliwe kila siku kabla ya saa moja asubuhi, na likiwa limefungwa jirani abishe hodi. Tafuteni msichana wa ukoo au mwanafunzi wa kulala naye, na mumlipe, kwa sababu msaada wa bure huchoka haraka. Kaka zako wako tayari kumlisha mama Kampala, basi gharama hiyohiyo waitume Jinja kila mwezi, na wewe uwe mwenye kuweka hesabu.

Sisemi kwamba kuhama ni kosa daima. Mama akianza kusahau jiko likiwaka, akipotea njia aliyoizoea, au akifika mahali hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa, mtaa mzuri peke yake hautoshi na mtalazimika kukaa tena na kujadiliana upya. Lakini barua yako haionyeshi hata moja kati ya hayo. Inamwonyesha mama mwenye akili timamu aliyeulizwa akajibu, na jibu lake halikuwapendeza wanawe.

SWALI: Baba yangu ana miaka 82 na hapokei pesa za wazee za serikali. Karani alituambia kwamba kitambulisho chake kinaonyesha ana miaka 74. Tufanyeje? — Mwana wa mkulima, Masindi

JIBU: Ndugu yetu, mpango huo, unaojulikana kama SAGE, ulianza mwaka 2010 katika wilaya chache, na ulipopanuliwa nchi nzima umri uliwekwa kuwa miaka 80 na kuendelea. Malipo ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na mara nyingi hutolewa kwa limbikizo la miezi kadhaa. Kwa kuwa majina hutokana na taarifa za kitambulisho cha taifa, mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa humo ndio unaohesabiwa, hata kama kijiji kizima kinajua baba yako alikuwa tayari anachunga ng'ombe wakati wa uhuru wa mwaka 1962. Wazee wengi waliandikishwa kwa kukisia, na makosa ya namna hii ni ya kawaida mno.

Nendeni ofisi ya wilaya ya NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho vya taifa, kuomba marekebisho, mkiwa na nyaraka za zamani mtakazozipata: cheti cha ubatizo, kadi ya kodi, karatasi za kazi, au vyeti vya watoto wakubwa vinavyoonyesha kwamba hesabu ya 74 haiwezekani. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, isikosekane. Baba akiwa dhaifu, ulizeni pia kuhusu kumwandikisha mtu wa kumpokelea, ili asibebwe kwenye boda siku ya malipo na kusimama juani.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa LC1 pembezoni mwa mji wa Busia. Nimesikia kuhusu miji inayowajali wazee, lakini sisi hatuna bajeti. Je, kijiji kinaweza kufanya nini bila fedha? — Mwenyekiti, Busia

JIBU: Mheshimiwa Mwenyekiti, wazo hilo lilienea baada ya Shirika la Afya Duniani kutoa mwongozo mwaka 2007, uliotokana na kuwasikiliza wazee katika miji 33, Nairobi ikiwemo. Mwongozo unagusa mambo manane, kuanzia njia na usafiri hadi makazi, heshima na huduma za afya, lakini kilichoupa uzito ni kwamba wazee wenyewe ndio walioulizwa. Kuuliza hakuhitaji bajeti. Chagua siku moja utembee pamoja na bibi mmoja na babu mmoja wa kijijini kwako, kutoka nyumbani kwao hadi kisimani, kituo cha afya na sokoni, kwa mwendo wao, na usimame kila wanaposimama. Utaona mfereji usio na kivuko, utaona sehemu ndefu isiyo na kivuli, na utajua kwa nini bibi haji mikutanoni.

Maji ni mahali pazuri pa kuanzia. Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20, na wazee wengi wanalea wajukuu bila mtu mzima mwingine nyumbani. Kamati ya maji inaweza kuamua kwamba mwenye dumu la lita 5 hapangi foleni, na kwamba vijana wanaopeleka maji kwa baiskeli wanapeleka kwanza kwa nyumba za wazee zilizoorodheshwa. Magogo mawili ya kukalia chini ya mwembe karibu na pampu hayana gharama. Kwa vijana wa boda, ombeni stendi moja tu iwe na jukwaa la udongo uliosindiliwa, la kimo cha goti, ili mzee apande pikipiki bila kunyanyuliwa kama gunia. Kwenye kituo cha afya, mkijenga mteremko badala ya kidato, kumbukeni kipimo cha 1 kwa 12: kidato cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180, la sivyo kiti cha magurudumu kitarudi nyuma.

Usiwaache wazee wawe watu wa kupokea tu. Sheria ya Baraza la Taifa la Wazee ya mwaka 2013 iliwapa mabaraza yao, uchaguzi wa kamati zao huanzia ngazi ya kijiji, na tangu mwaka 2021 wana wabunge watano. Kamati ya wazee ya kijiji chako ipo kwenye karatasi bila shaka. Iiteni, na mwombeni mhudumu wa afya wa kijiji akae nayo. Mikutano ianze saa nane mchana badala ya jioni, ili wazee warudi nyumbani jua likiwa bado juu, na viti vyao vipangwe mbele, karibu na msemaji, kwa kuwa wengi hawasikii vizuri na wanaona haya kusema hivyo.