Kabla ya kuitetea bahari ya vilindini, uliza umri wa wakazi wake

Vijana ninaozungumza nao kuhusu bahari huanza karibu wote na swali moja: huko chini kabisa kuna nini? Wanatarajia niwatajie samaki mwenye meno marefu na taa kichwani. Huyo yupo, na ni wa ajabu kweli, lakini mimi huwarudishia swali: mnadhani wakazi wa huko wana umri gani? Kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia mbizi za meli za utafiti zinazorushwa mubashara kwenye intaneti, nikiandika daftarini kila kiumbe anayepita mbele ya kamera, kisha nikiwasaidia walimu kuyageuza maandishi hayo kuwa masomo. Katika daftari hilo, safu yenye manufaa kuliko zote si ya jina wala ya kina, ni ya umri. Yeyote anayetaka kuielewa bahari ya vilindini, na hasa anayetaka kuitetea, namshauri aanzie hapo.

Kwanza tazama mbizi nzima, usiridhike na vipande vya dakika moja. Meli kama Okeanos Explorer ya Marekani, Nautilus, na Falkor (too) ya taasisi ya Schmidt Ocean huteremsha roboti zenye taa na kamera, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuangalia na kuwasikiliza wanasayansi wakibishana juu ya kile wanachokiona. Mwaka 2025, mbizi za watafiti wa Argentina katika korongo la chini ya bahari la Mar del Plata zilifuatiliwa na umati mkubwa wa watu wa kawaida, na wengi wao walikesha. Kipande kifupi hukuonyesha dude la kutisha. Mbizi nzima hukuonyesha tope, saa baada ya saa, halafu jongoo bahari mmoja akijikokota, halafu tope tena. Usiliruke tope hilo. Ndilo linalofunika sehemu kubwa ya sakafu ya bahari, na ndani yake wanaishi minyoo na kamba wadogo wasiohesabika. Ukilizoea jicho lako, utaanza kuona nyayo na mashimo, na mahali penye wakazi hutapaita tena jangwa.

Kutazama hivyo pia kunakufundisha kwa nini maisha ya huko huenda polepole. Ukishapita mita 200 mwanga haukidhi tena haja za mimea. Ukipita mita 1,000 jua halifiki kabisa. Kila mita 10 unazoshuka, shinikizo la maji huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo kwenye mita 4,000 mnyama hubeba mara 400 ya mzigo huo. Maji yana baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri. Na chakula? Kwa sehemu kubwa ni mabaki yanayodondoka kutoka juu: vijimea vilivyokufa, kinyesi, makamasi ya viumbe wengine. Wanasayansi huyaita theluji ya bahari. Mengi huliwa njiani, na yanayofika chini ni haba. Penye baridi na njaa, mwili haukimbilii kukua.

Sasa nifungue safu ya umri. Papa wa Greenland, kwa vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016, huweza kuishi miaka isiyopungua 272. Matumbawe meusi ya jenasi ya Leiopathes yaliyopimwa karibu na Hawaii yamepita miaka 4,000; yalikuwa hai kabla ya falme nyingi tunazozisoma kwenye historia. Silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka zamani za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alifanyiwa uchunguzi wa magamba uliotolewa mwaka 2021: anaweza kufikia karibu miaka 100, na mimba yake huchukua takriban miaka 5.

Lakini anayenigusa kuliko wote ni pweza mmoja. Mwaka 2007 watafiti wa MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari ya California, walimkuta jike wa Graneledone boreopacifica ameketi juu ya mayai yake kwenye mwamba, katika korongo la Monterey, kina cha mita 1,400 hivi. Walimtambua kwa makovu yake. Wakarudi mara kwa mara, na kila waliporudi alikuwa palepale, ngozi ikizidi kupauka na macho yakizidi kufifia. Kaa na kamba walipita karibu naye, wala hakuonekana akila. Alilinda mayai kwa miezi 53. Mwaka 2011 walikuta maganda matupu na mama hayupo. Ninapowasimulia watoto habari hii huwa siongezi neno, nawaacha waniulize wenyewe: je, ingekuwaje kama katika miezi hiyo angepita mtu na wavu?

Hapo nitoe tahadhari, maana nimesikia watu wakisema kila kilicho vilindini ni kizee. Si kweli. Kwenye chemchemi za maji moto, zilizogunduliwa mwaka 1977 karibu na Galapagos, minyoo mirefu ya Riftia, isiyo na mdomo wala utumbo na inayolishwa na bakteria waliomo mwilini mwake, inaweza kurefuka kwa zaidi ya sentimita 85 kwa mwaka. Ndugu zake wa jenasi ya Lamellibrachia, wanaokaa mahali gesi inapovuja taratibu kwenye sakafu ya Ghuba ya Mexico, huhitaji karibu karne mbili kufikia mita mbili. Ni jamaa wa ukoo mmoja, wote ni wa gizani, ila wana saa tofauti kabisa. Ndiyo maana nasema uliza; usikisie.

Umri ukishaujua, habari za uvuvi wa kina kirefu hubadilika maana. Mfano wake mkubwa ni samaki anayeuzwa kwa jina la orange roughy. Meli zilipoyakuta makundi yake juu ya milima ya chini ya bahari huko New Zealand na Australia, miaka ya 1970 na 1980, nyavu zilijaa kupita kiasi. Samaki huyo huweza kuishi zaidi ya miaka 200, na huanza kuzaa akiwa na miongo kadhaa. Aliyenunua mnofu wake alikuwa akila mnyama mkubwa kuliko babu yake kwa umri, na wa kumrithi hakuwa amezaliwa. Akiba ikaporomoka. Na nyavu za kukokota, zinazoburutwa sakafuni, hazichagui. Zinang'oa matumbawe na sifongo vilivyojengeka kwa karne nyingi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uvuvi wa kukokota chini ya mita 800 katika maji yake mwaka 2016, na kwa maoni yangu huo ni mstari wa busara ambao ulistahili kuchorwa mapema zaidi. Unaponunua samaki wa baharini, uliza mambo mawili: amevuliwa kwa chombo gani, na huanza kuzaa akiwa na umri gani. Muuzaji asipojua la kwanza, nenda kwa samaki mwingine. La pili unaweza kulitafuta mwenyewe kwa dakika moja, na ukikuta jibu ni miaka 20 au 30, mwache.

Kuhusu takataka nitasema jambo moja tu ambalo naona halisemwi vya kutosha: kilichofika vilindini hakiokotwi. Mwaka 1998 roboti ya Japani ilipiga picha mfuko wa plastiki kwenye bonde la Mariana katika Bahari ya Pasifiki, karibu mita 10,900 kwenda chini. Mwaka 2020 wanasayansi walimpa jina la Eurythenes plasticus mnyama mdogo wa jamii ya kamba kutoka bonde hilohilo, kwa sababu walikuta plastiki tumboni mwake. Na utafiti wa mwaka 2017 ulikuta kwenye wanyama wa aina hiyo sumu za viwandani ziitwazo PCB, ambazo nchi nyingi zilianza kuzipiga marufuku miaka ya 1970. Zilipigwa marufuku kabla wengi wetu hatujazaliwa, nazo bado zinaliwa huko chini. Kwa hiyo usafishaji wa ufukwe ni mzuri, niliushiriki na nitaendelea, ila nguvu kubwa ielekezwe kwenye kinachotoka kiwandani na kinachopita kwenye mifereji: nguo za nyuzi za plastiki zinazofuliwa kila siku bila sababu, rangi na mafuta yanayomwagwa chooni, nyavu zilizochakaa zinazotupwa baharini. Ukiwa na nafasi ya kusaidia mradi mmoja tu, saidia unaokusanya nyavu chakavu bandarini kabla hazijazama.

Joto nalo halikwepeki. Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada tulilolisababisha, na tangu miaka ya 1960 imepoteza takriban asilimia 2 ya oksijeni yake. Theluji ya bahari hutegemea vijimea vya juu, ambavyo huathiriwa na joto hilo, kwa hiyo moshi tunaoutoa nchi kavu unaweza kupunguza chakula cha mnyama ambaye hajawahi kuliona jua.

Sasa uchimbaji wa madini, jambo ambalo nadhani litaamuliwa katika uhai wetu. Kati ya Hawaii na Mexico kuna eneo la Clarion-Clipperton, tambarare kubwa iliyotapakaa vinundu vyeusi vyenye ukubwa wa kiazi. Ndani yake mna manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Kinundu kimoja hukua milimita chache kwa miaka milioni moja. Si jiwe tu. Sifongo na matumbawe hushika hapo kwa sababu pembeni yake hakuna kigumu kingine ila tope. Kwenye bonde la Peru, nalo chini ya Bahari ya Pasifiki, watafiti waliwaona pweza wametaga mayai kwenye vikonyo vya sifongo zilizoota juu ya vinundu, zaidi ya mita 4,000 chini. Mkumbuke yule mama wa miezi 53. Ukiondoa kinundu, sifongo hana pa kushika, na pweza hana pa kuweka mayai. Makadirio ya mwaka 2023 yanasema eneo la Clarion-Clipperton lina zaidi ya aina 5,000 za wanyama, na karibu tisa kati ya kila kumi hazijapewa jina na sayansi.

Jaribio limeshafanyika. Mwaka 1989 wanasayansi wa Ujerumani walilima kwa makusudi kipande cha sakafu katika bonde la Peru. Waliporudi mwaka 2015, miaka 26 baadaye, mifuo ilikuwa ikionekana wazi na jamii ya viumbe ilikuwa haijarudi kama awali. Njia iliyoachwa na mashine ya majaribio mwaka 1979 huko Clarion-Clipperton ilichunguzwa baada ya miaka 44. Kwa haki niseme kwamba baadhi ya viumbe wadogo walionekana wakianza kurudi. Alama za mashine, hata hivyo, bado zilikuwapo, na vinundu havirudi kwa kipimo chochote cha binadamu.

Wanaotaka kuchimba husema madini haya yanahitajika kwa betri za magari ya umeme, na hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, maana uchimbaji wa nchi kavu nao una watu wanaoumia. Mimi huuliza maswali matatu, nawe yaulize: eneo hilo limeonekana kwa macho kiasi gani? Nani atalipia uangalizi wa miaka 50 baada ya kampuni kuondoka? Na je, tumeshamaliza kurejeleza madini yaliyomo kwenye simu na kompyuta zilizolala makabatini? Kwa swali la kwanza jibu lipo: hesabu iliyochapishwa mwaka 2025 ilionyesha kuwa tumeiona kwa macho chini ya asilimia 0.001 ya sakafu ya bahari ya vilindini. Kwa jibu hilo pekee naona ni lazima tusubiri. Kwa upande wako, tumia simu yako hadi ishindwe kutengenezeka, na ikifa ipeleke kwa wanaorejeleza.

Mwisho, andika barua. Maamuzi ya uchimbaji kwenye sakafu iliyo nje ya mipaka ya nchi yoyote yamo mikononi mwa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika, na nchi wanachama ndizo zinazokaa mezani. Zaidi ya nchi 30 zimeshataka uchimbaji usitishwe au uahirishwe. Upo pia mkataba wa kulinda viumbe wa bahari kuu uliopitishwa Umoja wa Mataifa mwaka 2023, na kila nchi huamua kama itauridhia. Barua zilizonipatia majibu zilikuwa za ukurasa mmoja, zenye ombi moja na kiumbe mmoja aliyetajwa kwa umri wake. Mpelekee mbunge au waziri anayehusika na bahari. Muulize wajumbe wa nchi yako walisema nini kwenye kikao kilichopita cha Kingston, mweleze unataka waseme nini kwenye kijacho, kisha omba jibu la maandishi na uweke tarehe utakayomfuatilia.